Spika ndogo za studio ya nyumbani: jinsi ya kuchagua spika tupu ya masafa yote

Kijana anayerekodi kwaya ya kijijini kwake, mwalimu anayetengeneza vipindi vya kusikiliza kwa wanafunzi, mtu anayerekodi matangazo ya duka kwa ajili ya gari la vipaza sauti: wote hawa hufika mahali pamoja. Rekodi inasikika vizuri sana kwenye sabufa ya nyumbani, lakini ikipigwa kwenye redio ndogo au kwenye simu, maneno hayaeleweki. Lawama huangukia maikrofoni. Mara nyingi maikrofoni haina kosa. Kosa liko kwenye spika iliyotumika wakati wa kuhariri, kwa sababu spika hiyo ilificha kasoro badala ya kuzionyesha.

Spika ya studio kazi yake si kufurahisha sikio. Kazi yake ni kusema kweli. Za kiwandani zipo, lakini bei yake ni kubwa, na nyingi zimetengenezwa kwa umeme wa gridi tu. Kwa hiyo watu wengi duniani hununua spika tupu, yaani ile yenye koni, fremu na sumaku bila boksi, kisha hutengeneza boksi wenyewe au humpa seremala. Makala haya yanahusu hatua ya kwanza, ambayo ndiyo yenye kupoteza pesa za wengi: kuchagua spika yenyewe.

Kwa nini spika moja na si mbili

Spika nyingi za studio huwa na spika mbili ndani ya boksi moja: kubwa kwa sauti nene, na ndogo, ile tunayoiita twita, kwa sauti nyembamba. Katikati yake hukaa krosova, saketi inayogawa sauti kwa kila upande. Mfano maarufu ni LS3/5A, iliyobuniwa na wahandisi wa BBC katika miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, ambamo hakukuwa na nafasi ya spika kubwa. Ni boksi dogo, lakini krosova yake ilihitaji vipimo na mahesabu ambayo fundi wa nyumbani hawezi kuyafanya kwa kubahatisha.

Krosova mbaya huharibu sauti mahali pabaya kuliko pote. Mgawanyo huwekwa mara nyingi kati ya mitetemo 2,000 na 4,000 kwa sekunde, au Hz 2,000 hadi 4,000 kama inavyoandikwa kwenye karatasi za spika. Hapo ndipo sikio la binadamu lilipo kali zaidi, na hapo ndipo uwazi wa maneno ulipo.

Spika ya masafa yote, ambayo baadhi ya wauzaji huiita fulirenji, haina krosova. Koni moja hutoa sauti zote, kutoka sehemu moja. Ukikaa karibu nayo, nusu mita hadi mita moja, sauti hufika sikioni ikiwa kitu kimoja. Hili si wazo la maskini. Marekani, kampuni ya Auratone iliyoanzishwa na Jack Wilson ilitengeneza kiboksi kidogo chenye spika moja ya inchi tano hivi, na kuanzia miaka ya 1970 kikawa juu ya meza za studio nyingi kubwa. Bruce Swedien, mhandisi wa sauti wa albamu ya Thriller ya Michael Jackson ya mwaka 1982, alikuwa mmoja wa waliokitumia sana. Hawakukipenda kwa utamu wake. Walikitumia kwa sababu kilifanana na redio ya gari na televisheni ya mteja: wimbo ukieleweka hapo, utaeleweka popote.

Kwa anayetengeneza sauti itakayosikilizwa kwenye simu na redio za betri, sababu hiyo ina nguvu zaidi leo.

Hasara zake ni zipi

Tuziseme mapema ili usije ukanunua kwa matarajio ya sabufa. Koni ndogo haiwezi kusukuma hewa nyingi. Ili sauti ibaki na nguvu ileile, kila ukishuka nusu ya masafa, koni lazima itembee mara nne zaidi. Spika ya inchi tatu ambayo koni yake hutembea milimita tatu mbele na tatu nyuma inaweza kufika takriban desibeli 88 kwa umbali wa mita moja kwenye Hz 100, ikiwa imeegemea ukuta mpana. Kwenye Hz 50 spika hiyohiyo hufika 76 tu, hata ukiiunganisha na amplifaya kubwa kiasi gani. Ukiilazimisha, koili hugonga na koni huchanika.

Je, hilo linatuzuia? Sauti ya mwanamume akizungumza huanzia karibu Hz 85 hadi 155, ya mwanamke karibu Hz 165 hadi 255. Simu za zamani za waya zilipitisha Hz 300 hadi 3,400 tu, na bado tulitambua kwamba anayepiga ni baba au mjomba, kwa sababu ubongo huijenga sauti nene iliyokosekana kutokana na zile zilizo juu yake. Kwa mazungumzo, tamthilia, kaswida na kwaya, spika ndogo inatosha. Kwa anayetengeneza singeli au bongo fleva yenye besi nzito, haitoshi peke yake. Awe na hedifoni nzuri pembeni.

Kuna jambo jingine la sauti nene ambalo hata mtu wa mazungumzo lazima alijue. Mvumo wa umeme unaoingia kwenye rekodi hapa kwetu ni wa Hz 50. Upepo kwenye maikrofoni, lori barabarani, na ule mgongo wa pumzi unaotoka kwenye "p" na "b", vyote vina sehemu kubwa iliyo chini kabisa. Spika ndogo haitakuonyesha. Utasema rekodi ni safi, kumbe itakapopigwa kwenye spika kubwa za kanisani au uwanjani, ukumbi mzima utatetemeka. Kwa hiyo hariri kwenye spika, halafu kagua kwa hedifoni kabla ya kutuma.

Ukubwa: inchi tatu, nne au tano

Hapa ndipo penye mvutano wenyewe. Koni kubwa hutoa besi zaidi, lakini sauti nyembamba hutoka kama mwanga wa tochi: mbele tu. Hutokea pale urefu wa wimbi la sauti unapokuwa sawa na upana wa koni. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Spika ya inchi nne yenye koni ya sentimita 8 huanza kubana sauti hivyo karibu na Hz 4,300. Ya inchi tatu, yenye koni ya sentimita 6, huanza karibu na Hz 5,700.

Ina maana gani kwako? Ukisogeza kichwa pembeni kidogo, "s" na "sh" hupungua. Kiswahili kina jozi ambazo hutegemea eneo hilo la juu. Tofauti ya "thamani" na "samani" ni ya konsonanti moja, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo iko juu ya Hz 4,000. Ukihariri ukiwa umekaa nje ya mstari wa spika, utaongeza sauti nyembamba kupita kiasi, na msikilizaji wa upande wa pili atachomwa masikio na kila "s".

Kwa meza ya mtu mmoja anayehariri maneno, tunaona inchi tatu hadi tatu na nusu ndiyo saizi ya busara. Anayefanya kwaya na ala anaweza kwenda inchi nne, mradi akubali kukaa mahali pamoja bila kusogea. Inchi tano tungeiacha, isipokuwa unataka kiboksi kimoja tu cha kukagulia, kama kile cha Auratone.

Namba za kuangalia, na moja ya kupuuza

Tuanze na ya kupuuza: wati. Maandishi ya "wati 500" au "PMPO 2,000" kwenye karatasi ya dhahabu nyuma ya sumaku hayana maana yoyote. Spika halali ya inchi tatu huandikwa wati 10 hadi 30, na hizo zinazidi mahitaji. Spika yenye desibeli 86 kwa wati moja kwa mita moja tayari ina sauti kubwa kuliko anayoihitaji mtu anayehariri chumbani. Wahariri wengi hufanya kazi katika desibeli 75 hadi 80, ambazo kwa spika hiyo ni chini ya wati moja. Ukiona spika ndogo imeandikwa wati mamia, muuzaji anakueleza habari zake mwenyewe, si za spika.

Namba zenye maana hutolewa na watengenezaji wa kweli katika karatasi ya vipimo, ambayo unaweza kuipakua kwenye simu kabla ya kununua. Fostex ya Japani, Visaton ya Ujerumani, Dayton Audio ya Marekani, Tang Band ya Taiwan na FaitalPRO ya Italia zote huchapisha karatasi hizo. Spika isiyo na karatasi si lazima iwe mbaya, lakini unaponunua unacheza bahati nasibu.

Ya kwanza ni Fs. Ni masafa ambayo koni, ikiwa tupu bila boksi, hupenda kutetemeka yenyewe. Chini ya hapo sauti hupungua haraka. Kwa inchi tatu, Fs ya Hz 80 hadi 120 ni ya kawaida.

Ya pili ni Qts, namba inayoonyesha jinsi sumaku na kusimamishwa kwa koni kunavyoizuia isiendelee kucheza baada ya sauti kuisha. Ya tatu ni Vas, inayotajwa kwa lita, ambayo hulinganisha ulaini wa koni na ulaini wa hewa ndani ya boksi. Vipimo hivi vinaitwa vya Thiele na Small. Neville Thiele alikuwa mhandisi wa Australia aliyeandika hesabu zake mwaka 1961, kisha akafanya kazi miaka mingi katika shirika la utangazaji la nchi yake. Richard Small aliziendeleza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kabla yao kutengeneza boksi kulikuwa kama kupika bila kuonja.

Kwa studio tunashauri boksi lililofungwa kabisa, lisilo na tundu. Boksi la tundu hutoa besi zaidi, lakini chini ya kiwango chake sauti huporomoka ghafla na koni hubaki bila kinga. Boksi lililofungwa hushuka polepole, na hewa ya ndani huishika koni isitoke nje. Hesabu yake ni rahisi kiasi cha kuifanya kwa kikokotoo cha simu. Spika yenye Qts ya 0.4 inataka boksi la karibu nusu ya Vas. Yenye 0.5 inataka boksi sawasawa na Vas. Yenye 0.6 inataka mara mbili na nusu ya Vas. Ikizidi 0.7, iache: itahitaji boksi kubwa mno, na ukiibana ndani ya dogo itatoa sauti ya kudunda, ya uongo, ile inayowafurahisha wateja dukani.

Chukua mfano wa spika yenye Fs ya Hz 100, Qts ya 0.5 na Vas ya lita 2. Boksi lake ni lita 2. Ndani ya boksi hilo, sauti itaanza kushuka karibu na Hz 141. Kwa ndani linaweza kuwa sentimita 10 kwa 14 kwa 15, ambazo ni lita 2.1, na hiyo ziada kidogo italiwa na sumaku. Kiboksi hicho kinakaa kando ya kompyuta bila kuziba dirisha.

Mchoro wa sauti kwenye karatasi

Karatasi ya vipimo huwa na mchoro wenye mstari unaopanda na kushuka. Kwa maoni yetu huo ni muhimu kuliko namba zote, na ndio watu wengi hauruki macho tu. Utazame kati ya Hz 200 na 10,000. Mstari unaotambaa ndani ya desibeli tatu juu na tatu chini ni mzuri sana kwa spika ya koni moja. Angalia pia vipimo vya pembeni mwa mchoro, kwa sababu mstari unaoonekana kama meza huweza kuwa umechorwa kwa mizani mikubwa ili milima isionekane.

Kasoro ya kawaida ni mlima mkali kati ya Hz 5,000 na 10,000. Hapo koni huacha kutembea kama kitu kimoja na kuanza kujikunja yenyewe. Spika zenye koni ndogo ya pili katikati, kama kikombe ndani ya bakuli, hupata sauti nyembamba zaidi lakini mara nyingi huwa na milima hiyo. Ukihariri kwenye spika ya namna hii, kila "s" itakuudhi. Utapunguza sauti nyembamba. Na msikilizaji, ambaye redio yake haina mlima huo, atapata sauti iliyofunikwa blanketi.

Mstari ukishuka taratibu juu ya Hz 12,000, usijali. Mlima wa ghafla ni adui mkubwa kuliko mteremko wa pole.

Kuna mteremko mwingine ambao hauonekani kwenye karatasi, kwa sababu kiwandani hupima spika kwenye ubao mpana. Ukiiweka kwenye boksi jembamba, sauti nene huzunguka nyuma na kupotea, na mbele hubaki zile za juu. Gawanya 115 kwa upana wa boksi kwa mita: boksi la sentimita 12.5 huanza kupoteza karibu na Hz 920. Upotevu kamili ni desibeli sita, ingawa ukuta wa nyuma na meza hurudisha kiasi. Mafundi huweka koili ya takriban milihenri moja sambamba na rezista ya omu tatu hadi tano kwenye waya wa spika ili kusawazisha. Asiyetaka kuchoma risasi aishushe sauti ya juu ya Hz 1,000 kwa desibeli tatu kwenye programu ya kompyuta, upande wa kusikilizia tu, si kwenye rekodi yenyewe.

Omu nne au nane, na umeme wa sola

Amplifaya ndogo za kisasa za daraja D hufanya kazi vizuri kwa betri ya volti 12. Kwa volti hizo, spika ya omu 8 hupata karibu wati 7 safi, na ya omu 4 karibu mara mbili. Zote zinatosha. Tungechagua omu 8 kwa sababu amplifaya haipati moto na betri inadumu. Usiunganishe spika mbili za omu 4 kwenye tundu moja sambamba. Zitakuwa omu 2, na amplifaya nyingi ndogo hazivumilii.

Za mtumba na za kung'olewa

Si kila mtu ataagiza spika kutoka nje. Mitaa ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi imejaa spika tupu, na mafundi redio vijijini wana za kung'olewa kwenye televisheni za kichogo na redio kaseti. Baadhi ni nzuri kweli. Spika za televisheni za zamani zilitengenezwa kwa ajili ya maneno, na zile zenye sumaku iliyofunikwa kwa bati hutoa sauti safi ya mazungumzo. Spika za milango ya gari za inchi nne zinapatikana kwa urahisi, lakini zilikusudiwa mlango wenye nafasi kubwa inayovuja hewa, hivyo kwenye boksi dogo lililofungwa nyingi hudunda.

Ukiwa dukani, bonyeza koni polepole kwa vidole vya pande mbili. Irudi kimya. Ukisikia mkwaruzo kama mchanga, koili imepinda, usinunue hata kwa bei ya maji. Pima kwa mita ya fundi: spika ya omu 8 husoma karibu 6 hadi 7, ya omu 4 karibu 3.2 hadi 3.6. Kisha tazama ukingo wa koni. Wa raba hudumu. Wa sponji huoza kwa miaka, na unyevu wa pwani huuharakisha. Uguse kwa kucha, ukimeguka kama mkate mkavu, kazi yake imekwisha. Ukingo wa kitambaa hauna shida.

Kama pesa inatosha spika moja nzuri au mbili za wasiwasi, nunua moja. Maneno ya mtu mmoja hayahitaji kushoto na kulia, na redio nyingi ndogo zina spika moja tu. Ukinunua mbili, ziwe za aina moja na toleo moja, vinginevyo sauti itaegemea upande mmoja na hutajua kama kosa ni la rekodi.

Boksi, kwa ufupi

Plaiwudi au ubao wa MDF wa milimita 12 unatosha kwa lita mbili. Viungo vyote vizibwe kwa gundi ya mbao, na tundu la waya pia, kwa sababu hata upenyo mdogo hupiga mluzi. Jaza ndani pamba laini ya mto, bila kuibana, na isiguse koni. Weka spika usawa wa masikio, ikikutazama usoni, mbali na kona ya chumba.

Ikishakamilika, usianze na kazi mpya. Piga kwanza taarifa ya habari ya mtangazaji unayemfahamu sauti yake, na wimbo mmoja uliousikia mara mia kwenye redio za watu. Sikiliza hivyo kwa siku mbili tatu, ukiizoea. Kisha fungua rekodi zako za zamani ambazo watu walilalamikia, na utafute ni wapi hasa neno lilipotea.